Mwalimu, tumbo linaniuma: kutafuta chanzo kuanzia mdomoni hadi chooni

Kengele ya kumaliza mapumziko ya saa nne ikishalia, napata wageni wawili watatu mezani kwangu. Mkono tumboni, uso umekunjamana, sauti ya chini: "Mwalimu, tumbo linaniuma." Nafundisha sayansi shule ya msingi hapa Tanga, na kwa miaka yote hii nimejifunza kwamba maneno hayo yana maana kama kumi tofauti. Yupo aliyebugia kachori tano na pilipili kwa dakika mbili. Yupo aliyetoka nyumbani hata chai hajanywa. Yupo ambaye hajaenda haja kubwa tangu Jumamosi. Na yupo mwenye jaribio la hisabati kipindi kinachofuata.

Wote hao hawawezi kupewa kidonge kimoja. Kwa hiyo kabla sijamruhusu mtu ajilaze kwenye benchi la ofisini, namwuliza mambo manne: linauma wapi (nionyeshe kwa kidole kimoja, si kwa kiganja kizima), limeanza lini, umekula nini tangu jana, na choo umekwenda lini mara ya mwisho. Swali la nne huwachekesha, lakini ndilo linaloniletea majibu mengi kuliko mengine.

Nimeandika haya kwa ajili yako wewe mwanafunzi, ili ukishikwa na tumbo uweze kujieleza vizuri kwa mama, kwa baba au kwa nesi. Mzazi akitaka kusoma juu ya bega lako, karibu.

Kwanza ijue njia yenyewe

Mwaka jana niliwaomba darasa la tano walete kanga tano kuukuu. Kanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu. Tukazifunga ncha kwa ncha, tukaanza kuzivuta kutoka ubaoni, zikapita mlangoni, zikaenda hadi nje kwenye mwembe. Kanga nne za kwanza, nikawaambia, ni utumbo mwembamba wa mtu mzima: karibu mita 6. Ya tano ni utumbo mpana. Mmoja wao akauliza swali nililokuwa nalisubiri: "Sasa, Mwalimu, zote hizi zimeingiaje humu?" Tukazikunja, tukazishindilia ndani ya kikapu kimoja cha sokoni. Zikaenea. Kanga ya kwanza ilikuwa na jina lililoandikwa *Mdomo uliponza kichwa*, na darasa zima likaangua kicheko, maana ndiyo kwanza tulikuwa tumetoka kusema kwamba safari ya chakula huanzia mdomoni.

Mdomoni meno husaga na mate hulainisha. Mate hayafanyi kazi ya kulowesha tu. Chukua kipande cha mkate mkavu au muhogo wa kuchemsha, kitafune mara arobaini bila kumeza. Utaona kinaanza kuwa kitamu. Hapo mate yameshaanza kuvunja wanga kuwa sukari, na wewe bado hujameza hata tonge.

Ukimeza, tonge linaingia kwenye umio, bomba la nyama lenye urefu wa kama sm 25 kwa mtu mzima, fupi kuliko rula yako. Tonge haliporomoki tu kama jiwe kisimani. Misuli ya umio hulikamua kutoka nyuma kulisukuma mbele, kama unavyokamua dawa ya meno, na ndiyo maana ukining'inia kichwa chini miguu juu bado unaweza kumeza. (Usijaribu na chakula, tafadhali. Unaweza kupaliwa.)

Halafu linafika tumboni. Hapa Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo. Tunaita "tumbo" eneo zima, kuanzia chini ya mbavu hadi kwenye mkanda wa suruali. Lakini mfuko wenyewe unaopokea chakula uko juu, chini ya mbavu, umeelemea kushoto. Mtoto anayeshika kitovu na kusema tumbo linauma, mara nyingi ameshika utumbo. Mfuko unachanganya chakula na tindikali kwa muda wa saa 2 hadi 4, na chakula chenye mafuta mengi hukaa zaidi. Kinachotoka ni uji mzito, unaoingia utumbo mwembamba kidogo kidogo.

Huko kuna wasaidizi wawili wasiopitiwa na chakula wenyewe: ini, linalotengeneza nyongo, na kongosho, linalotoa majimaji ya kumalizia kazi ya kuvunja wanga, protini na mafuta. Nyongo hufanya kwa mafuta kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria ya pilau: huyatawanya yawe matone madogo. Ukuta wa utumbo mwembamba nao umejaa vinyweleo vidogo vya nyama, kila kimoja hakifiki hata milimita moja au kinaizidi kidogo sana, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula kuingia kwenye damu. Zamani walimu wetu walitufundisha kwamba ukivitandaza vyote utapata uwanja wa tenisi. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2014 vilishusha hesabu hiyo hadi kama mita 32 za mraba kwa njia nzima ya chakula, zaidi kidogo ya nusu ya darasa letu. Bado ni eneo kubwa kwa kitu kinachoenea kikapuni.

Mabaki huenda utumbo mpana, maji yakafyonzwa, kikabaki choo. Sasa tuanze kutafuta matatizo.

Linanguruma, lakini haliumi

Debe tupu haliachi kuvuma. Wahenga walikuwa wanasema watu, lakini hata kwa tumbo ni kweli. Usipokula kwa muda, kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi misuli hujikaza kwa mawimbi kutoka kwenye mfuko hadi mwisho wa utumbo mwembamba, ikifagia makombo na bakteria. Hewa na maji vikisukumwa pamoja ndani ya bomba tupu, sauti inatoka. Tumbo lililoshiba nalo linafanya kelele, ila chakula kinaizima.

Ikiwa kwako linanguruma kila siku saa tatu asubuhi darasani, chanzo hakihitaji daktari. Kikombe cha uji kabla ya kutoka nyumbani kinatosha. Likinguruma pamoja na kuuma na kuhara, ruka hadi sehemu ya kuhara.

Umepaliwa, au una kwikwi

Kooni kuna njia panda: moja ya hewa, moja ya chakula. Kuna kifuniko, kidakatonge, kinachoziba njia ya hewa kila unapomeza. Ukicheka au kusema na chakula mdomoni, kifuniko kinachelewa, na punje ya wali inaingia pasipo pake. Kikohozi kinachofuata ndicho kinachoitoa; mwache mtu akohoe, usimpe maji. Lakini aliyepaliwa akishindwa kabisa kukohoa, kusema au kupumua, hapo hakuna kusubiri: piga kelele mtu mzima aje mbio.

Kwikwi ni jambo jingine. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hushtuka ghafla, hewa inavutwa, koo linajifunga: *hik!* Sababu yake ya kawaida ni kula haraka au kunywa soda ya baridi kwa pupa. Bibi zetu hubandika kipande cha uzi wa kanga kilicholoweshwa mate kwenye paji la uso la mtoto mchanga, na kwikwi huisha. Nadhani ingeisha hata bila uzi, lakini uzi wenyewe haumdhuru mtu. Mmarekani mmoja, Charles Osborne, alipata kwikwi mwaka 1922 zikadumu hadi 1990, kwa hiyo za kwako za dakika kumi zivumilie.

Moto kifuani, maji machungu kooni

Hiki ni kiungulia. Watu husema "moyo unaniwaka", ingawa moyo haumo kabisa kwenye kesi hii. Mwisho wa umio kuna pete ya msuli inayofanya kazi ya lango: hufunguka tonge lipite, hufunga tena. Lango likivuja, tindikali ya mfuko hupanda kwenye umio. Mfuko una ute unaoukinga. Umio hauna kinga kama hiyo, kwa hiyo unaungua.

Lango huvuja mfuko ukijaa kupita kiasi, au ukiinama, au ukijilaza mara tu baada ya kula. Mwezi wa Ramadhani kesi hizi huongezeka kwa wale walioanza kufunga. Tumbo limekaa tupu tangu alfajiri, kisha ndani ya dakika kumi linashushiwa muhogo wa nazi, sambusa nne, kaimati na juisi ya ukwaju, halafu mwenyewe anajinyoosha mkekani. Anza na tende na maji, sali, kisha rudi ule taratibu. Ukishamaliza kaa wima saa mbili tatu kabla ya kulala, na ukilala lalia ubavu wa kushoto: mfuko umejikunja kwa namna ambayo ukilalia kushoto tindikali inabaki chini ya lango.

Umewahi kujiuliza watu walijuaje yanayotendeka humo ndani? Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya, karibu sana. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu akidhani hatapona. Akapona, ila tundu lililobaki ubavuni halikuziba, na lilikuwa limefunguka moja kwa moja hadi ndani ya mfuko wa tumbo. Mwaka 1825 Beaumont akaanza kufunga vipande vya nyama, mkate na kabichi kwenye uzi wa hariri, akavitumbukiza kwa lile tundu, kisha akawa anavivuta nje kuvitazama. Baada ya saa moja kabichi na mkate vilikuwa vimeyeyuka kama nusu. Nyama ilikuwa bado vilevile. Wanafunzi wangu huwa wananyamaza kimya nikifika hapa, kisha wote huuliza jambo moja: je, yeye mwenyewe alikubali? Swali zuri. Alikuwa maskini aliyelipwa ili akubali, na zaidi ya mara moja aliondoka zake kurudi kwao Kanada.

Roho inachafuka, unatapika

Mwendeshaji wa kutapika yuko kichwani. Ubongo ukipata taarifa kwamba kuna kitu kibaya, huamuru: misuli ya tumbo ijikaze, lango la juu lifunguke, kila kitu kirudi kilikotoka. Dalili ya kwanza ni mdomo kujaa mate ghafla. Hayo yametumwa kukinga meno dhidi ya tindikali inayokuja, kwa hiyo ukishatapika sukutua kwa maji na usikimbilie mswaki.

Taarifa hiyo inaweza kuwa ya uongo. Aliyewahi kupanda basi kutoka Mombo kwenda Lushoto, kona baada ya kona huku anasoma ujumbe kwenye simu, anajua. Macho yanasema tumetulia, sikio la ndani linasema tunazunguka, ubongo unashuku umekula sumu. Inua macho, tazama mlima ulio mbali, fungua dirisha.

Taarifa inaweza pia kuwa ya kweli. Umetapika saa chache baada ya kula, na wenzako mliokula sahani moja nao wanatapika? Mshukiwa ni chakula: wali ulioachwa juani tangu mchana, samaki aliyechina, au maharage mekundu yasiyoiva. Wengi hawalijui hili la mwisho. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayotapisha vibaya, na moto mdogo hauiondoi. Yaloweke, mwaga maji, yachemshe kwa moto mkali yatokote kwanza, ndipo upunguze moto.

Kutapika mara moja na kujisikia nafuu si shida. Kutapika kila unachokunywa, kutapika kitu cha kijani au chenye damu, au kutapika baada ya kuanguka na kugonga kichwa: hospitali.

Limejaa upepo

Kila mtu anajamba. Kitabu cha sayansi husema "hutoa gesi", lakini ni jambo lilelile.

Upepo una njia mbili za kuingia. Wa kwanza unaumeza wewe mwenyewe, kwa soda, kwa bigijii, kwa kula huku unasimulia habari ya mpira. Huo mwingi hurudi juu kama mbweu. Wa pili hutengenezwa utumbo mpana na bakteria wanaoishi humo kwa mabilioni. Maharage, kunde na kabichi vina sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja. Zinafika kwa bakteria zikiwa nzima, nao wanafanya karamu, na gesi ndiyo moshi wa jiko lao. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha na maji yake yakamwagwa hupunguza karamu.

Ukiona upepo, msokoto na choo chepesi kila ukinywa maziwa, huenda mwili wako umepunguza kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa. Watu wazima wengi duniani wako hivyo. Mtindi mara nyingi hausumbui, kwa sababu bakteria wa mtindi wameshakula sehemu ya sukari hiyo. Jamii za wafugaji zinajulikana kwa kubaki na kimeng'enya hicho hadi uzeeni, na utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan ulikuta wana mabadiliko yao wenyewe kwenye vinasaba, tofauti na yale ya Wazungu.

Choo kigumu, au hakiji kabisa

Hapa nakaa kidogo, maana ndilo tatizo la kwanza kwa wingi mezani kwangu, na ndilo linalofichwa zaidi.

Utumbo mpana kazi yake ni kufyonza maji. Hauna saa, choo kikiendelea kukaa, unaendelea kufyonza. Kadiri unavyokizuia ndivyo kinavyokauka, kikikauka kinauma kutoka, kikiuma unaogopa, ukiogopa unakizuia tena. Mzunguko huo ukishaanza unajiendesha wenyewe.

Kwa nini mtoto azuie? Waulize watoto wenyewe. Choo cha shule hakina maji, mlango haufungi, kuna foleni, kuna wanaochungulia. Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la tatu alikuwa hajawahi kutumia choo cha shule tangu aanze la kwanza. Alikuwa anasubiri hadi nyumbani, na nyumbani hamu ilikuwa imeshapita. Tulichofanya si cha ajabu: komeo la shilingi chache, ndoo ya maji na kopo, sabuni kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko. Nilipata wageni wachache zaidi mezani muhula ule.

Vyanzo vingine ni maji kidogo, na vyakula visivyo na makapi: chapati za unga mweupe, chipsi, biskuti. Makapi ni ile sehemu ya mmea usiyoweza kuivunja. Ndiyo inayokipa choo ukubwa wa kushikika na misuli na kuhifadhi maji ndani yake. Yamo kwenye mchicha, maharage, papai, embe, machungwa yakiliwa na nyama zake, na dona badala ya sembe. Ukwaju nao husaidia. Mapera ni mazuri pia, ila usile debe zima na mbegu zake. Mbegu nyingi mno zinaweza kujikusanya zikawa donge.

Kuna saa nzuri ya kwenda. Chakula kikiingia mfukoni, utumbo mpana hupata taarifa na kuanza kusukuma ili kutengeneza nafasi. Kwa hiyo baada ya chai ya asubuhi nenda ukakae dakika tano hadi kumi, hata kama huhisi kitu. Na ukao wenyewe una maana: ukichuchumaa, msuli unaoibana njia ya mwisho hulegea na njia hunyooka. Choo cha shimo kinakupa hilo bure. Mwenye choo cha kukaa aweke kigoda chini ya miguu. (Kigoda, si mbuzi ya kukunia nazi.)

Sasa mzazi, hili ni lako. Mtoto aliyekuwa ameshaacha kujichafua akianza tena kuchafua chupi kwa majimaji, usiwahi kusema anaharisha, na usimpige. Mara nyingi kuna donge gumu limekwama, na choo chepesi kinapenya pembeni yake bila mtoto kuhisi. Mpeleke kituo cha afya. Ukimpa dawa ya kuzuia kuhara utakuwa umeongeza kufuli.

Jaribio la nyumbani: kula mahindi ya kuchoma jioni, andika siku na saa, kisha subiri maganda yake yaonekane chooni. Ganda la mahindi halivunjiki, kwa hiyo ni kipimo kizuri cha mwendo. Siku moja hadi tatu ni kawaida.

Kinatoka kama maji

Kuhara ni kinyume: mwendo umekuwa mkali, au ukuta wa utumbo umeumwa na kidudu, maji hayafyonzwi. Fikiria kiasi chenyewe. Kwa mtu mzima, kila siku kama lita 9 za maji huingia utumboni, yakiwamo aliyokunywa na yale yanayotolewa na mwili wenyewe kama mate, tindikali na nyongo. Karibu yote hurudishwa mwilini. Kinachotoka na choo hakifiki hata glasi moja. Kazi hiyo ya kurudisha ikisimama, ndoo inamwagika.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayehara si "nimzuieje" bali "amerudishiwa maji?" Na maji matupu hayatoshi. Kwenye ukuta wa utumbo kuna mlango ambao chumvi na sukari huingia pamoja, zimeshikana mikono, na maji huzifuata. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata wakati wa kipindupindu. Mwaka 1968 huko Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kunyweshwa mchanganyiko huo kwa mdomo wakahitaji dripu kidogo sana. ORS unayoinunua dukani ilitoka huko.

Pakiti moja ya kawaida ya ORS, lita 1 ya maji safi, ila soma pakiti yako. Huna pakiti: vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, lita 1 ya maji safi. Onja, kisizidi machozi kwa chumvi. Mpe kwa kijiko au kwa fundo dogo dogo. Akitapika, subiri dakika kumi, anza tena polepole. Mtoto anyonye, ale kama kawaida, na kituoni atapewa zinki ya siku 10 hadi 14.

Mbio hospitali ukiona macho yameingia ndani, analia bila machozi, hakojoi, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, amelegea, choo kina damu, au kinatoka kama maji ya mchele.

Na pilipili? Ile ya kachori huwasha mdomoni kwa sababu inaamsha neva zilezile zinazohisi moto. Neva hizo zipo pia kwenye mlango wa mwisho. Hii ndiyo siri ya asubuhi inayofuata.

Unakula, hunenepi, unawashwa usiku

Kuwashwa njia ya haja kubwa usiku ni dalili ya minyoo midogo myeupe kama vipande vya uzi. Jike hutoka usiku kutaga mayai nje, mtoto anajikuna, mayai yanaingia kwenye kucha, kucha zinaingia mdomoni. Kata kucha, fua mashuka, na familia nzima inywe dawa siku moja.

Mchango mkubwa ni msafiri zaidi. Yai lake unalimeza na udongo, kwenye embe lisiloshwa kwa mfano. Likianguliwa, kiluwiluwi huingia kwenye damu, hufika mapafuni, hukoholewa hadi kooni, humezwa tena, na safari hii hukaa utumboni na kukua hadi kuweza kuzidi rula ya sm 30. Safura yeye huingia kwa kupenya ngozi ya mguu ulio peku, na hunyonya damu hadi mtoto akapauka.

Sukari haizai minyoo. Kusaga meno usingizini peke yake si ushahidi wa minyoo. Siku ya dawa za minyoo shuleni usijifiche chooni.

Rangi

Choo cha kahawia ni nyongo iliyofanya kazi yake. Kijani: mboga nyingi, au mwendo wa haraka. Nyekundu: kumbuka kwanza kama jana ulikula biti, kama hukula, mwambie mtu mzima. Nyeusi kama lami na hunywi vidonge vya madini ya chuma, au nyeupe kama chaki: usisubiri kesho.

Linauma Jumatatu tu

Linauma asubuhi ya shule, Jumamosi halipo. Wengine huita uongo. Si uongo. Ukuta wa njia ya chakula una neva zaidi ya milioni 100, zinazozungumza na ubongo mchana kutwa. Hata Beaumont, kupitia lile tundu, aliona St. Martin akikasirika kazi ya tumbo inavurugika. Hofu inabana misuli kwelikweli na maumivu ni ya kweli. Dawa yake haipo duka la dawa. Muulize mtoto nani anamwonea, au ni somo gani.

Maumivu yanayohama

Mwanafunzi wa darasa la sita alikuja saa mbili asubuhi. Hakuwa na jaribio, chai alikunywa nusu akaiacha, choo alikwenda jana. Kidole chake kilikuwa kitovuni. Nikamwambia apumzike. Saa tano alirudi anatembea ameinama, ameshatapika mara moja, na nilipomwambia anionyeshe tena, kidole kilikuwa kimeshuka chini upande wa kulia. Nikamwomba aruke kwa mguu mmoja. Alinitazama tu.

Kuanzia kitovuni, kisha kuhamia chini kulia, na hamu ya kula kupotea, ni namna ya kidoletumbo kilichovimba, kile kijifuko chembamba kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana. Asipewe chakula, asipewe dawa ya kuharisha, asisubiri kesho. Mama yake alikuja na bodaboda, na jioni hiyohiyo akapasuliwa.

Aliporudi darasani alikuwa na swali moja tu: kwa kuwa wamemkata, sasa chakula chake kitapita wapi? Nikatoa kikapu kabatini, tukazifungua kanga pamoja. Zote tano zilikuwepo. Mwanzoni mwa ile ya tano kulikuwa na uzi umening'inia, nikaukata kwa mkasi, nikampa.